Bega la Mama, Bega la Mwana

Vijana wangu, mkiona mtu mzima amesimama mbele ya ukuta anaupanda kwa vidole viwili kama buibui, msicheke. Miaka yote ya kazi yangu nimelipwa mshahara kuwaambia watu wapande ukuta kwa vidole, na hadi leo nikiona kidole kimefika mahali ambapo jana hakikufika, moyo wangu unaruka. Kweli kabisa! Nimestaafu, magoti yananilalamikia nikipanda ngazi, lakini niiteni saa hii niangalie bega la mtu, mtaniona nikikimbia.

Mimi ni Nafula. Hapa Nakuru wengi wananijua kama Madam Nafula wa mazoezi. Baba yangu alitoka magharibi akaja kufanya kazi ya reli, akapewa chumba kwenye nyumba za reli, nasi tukazaliwa humo. Mwalimu wenu ameniomba niwaambie kuhusu mabega, kwa sababu anasema swali mnaloulizwa na wagonjwa kila siku ni moja: hii opareshoni ya kushona kano la bega inafaa hizo pesa zote ama haifai? Nitawajibu, lakini kwa njia yangu. Nitawaambia juu ya Mama Wangui wa Kabazi na mwanawe Mwangi.

Lakini kwanza lazima nimtaje Bwana Oduor, aliyenifundisha kazi. Wakati huo idara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye taa ya joto, vitanda vya mbao na mikeka. Hatukuwa na mashine za kuonyesha ndani ya bega. Bwana Oduor alikuwa na mikono mikubwa na sauti ya upole, na hakuwahi kumuuliza mgonjwa, "Unaumwa wapi?" Aliuliza, "Mkono wako unataka kufanya nini?" Mtu anakuja amekunja uso, anaulizwa swali hilo, anashangaa, halafu anaanza kueleza maisha yake. Mmoja anataka kusuka nywele za binti yake. Mwingine anataka kugeuza usukani wa lori. Mwingine anataka tu kujikuna mgongo, na mkewe amechoka kumkuna. Ukishajua mkono unataka kufanya nini, umepata kazi yako.

Si kwamba Oduor hakukosea. Siku moja alifunga kamba ya mazoezi kwenye bomba la maji lililopita juu ya dari, akamwambia dereva mmoja wa basi, jitu la miraba minne, avute kwa nguvu. Yule jamaa akatii. Bomba likashuka, maji yakatumwagikia sote, na dereva akasimama katikati ya mafuriko mkono uko juu, anapiga kelele, "Daktari, umepanda! Umepanda!" Bwana Oduor alikuwa amelowa hadi soksi, lakini alimkumbatia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, na ndiyo maana hadi leo sijui kuifanya kimyakimya.

Sasa tuingie begani. Bega linashikiliwa na misuli, na kila msuli unaushika mfupa kwa kano, ile kamba nyeupe ngumu ambayo mnaiona kwenye nyama ya mguu wa ng'ombe. Kano linaweza kukatika kwa ghafla, mtu akianguka au akining'inia kwa mkono. Linaweza pia kuchakaa polepole kwa miaka, mpaka siku moja pana tundu, na mwenyewe hajui lilitoboka lini. Mgonjwa akija, mshike mkono umwinulie wewe mwenyewe. Ukikataa kupanda hata ukiusukuma, bega limeganda, na hiyo ni habari nyingine. Ukipanda vizuri mikononi mwako, halafu ukiuachilia unaporomoka, anza kulifikiria kano. Hii haihitaji umeme wala mashine. Skani mnazo siku hizi, na nazipenda sana, lakini skani inaonyesha tundu tu. Haikuambii tundu hilo lina maana gani kwa mtu huyu.

Basi. Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini, wakati watu wanatayarisha mashamba wakingoja mvua ya masika. Asubuhi wakaingia watu watatu ofisini kwangu. Mbele alikuwa mzee mrefu wa suti na kofia, akitembea kama mtu anayefungua mkutano. Huyo alikuwa Mzee Gitau. Nyuma yake mama mwembamba wa zaidi ya miaka sabini, kitambaa kichwani, sweta ya kijani. Huyo alikuwa Mama Wangui, mjane wa ndugu yake Gitau. Wa mwisho alikuwa mwanawe Mwangi, mwanamume mwenye mabega mapana, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Elburgon.

Mzee Gitau hakungoja kuulizwa.

"Madam, habari ya kazi. Tumemleta mgonjwa. Huyu ni shemeji yangu. Kliniki moja ilimpiga skani, wakatuambia kano limekatika na lazima apasuliwe. Harambee tumemaliza. Kanisa limetoa, kikundi cha akina mama kimetoa, hata watu wa maziwa wametoa. Mimi ndiye mwenyekiti. Tumeambiwa tuanzie kwako kabla ya kuona daktari wa mifupa."

Nikamgeukia mama. "Mama, mkono wako unataka kufanya nini?"

Akacheka kidogo. "Unataka kuanika nguo. Na unataka kuniacha nilale."

"Ulianguka?"

"Wapi! Ulianza tu. Kidogo kidogo. Leo unauma, kesho unanyamaza. Sasa haunyamazi."

Nikauinua mkono wake. Ulipanda. Nikauachilia polepole, ukatetemeka, ukashuka kwa kusitasita kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Kulikuwa na nguvu bado mle ndani. Nikaanza kufurahi peke yangu, na hiyo ni tabia yangu, uso wangu hauwezi kuficha kitu. Nikamwambia Mwangi, "Hebu nisogezee hicho kiti, mama akae karibu na ukuta."

Akakishika kiti kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa kiti kizito cha mbao, na mtu anayebeba magogo alikuwa anakikokota kwa mkono mmoja kama mtoto, wa kulia ameubana tumboni.

"Na wewe una nini?" nikamuuliza.

"Sina kitu, madam. Nililala vibaya."

"Huyo?" Mzee Gitau akacheka. "Huyo ni wa mbao. Mkono wake ni gogo."

"Njoo nione hilo gogo."

Hakutaka. Mamake akamwangalia, akaja. Nikauinua mkono wake wa kulia mpaka juu, nikauachilia. Ukaanguka pwaa pajani. Haukujaribu hata kidogo kujizuia. Jasho likamtoka usoni na hakutoa sauti.

Mama Wangui akasimama. "Mwangi! Hii ni nini?"

Ikabidi aseme. Wiki chache nyuma walikuwa wanashusha magogo kutoka kwenye lori, rundo likateleza, naye akaruka akadaka mnyororo wa juu ili asifunikwe. Mwili wote ukaning'inia kwa mkono mmoja. Alisikia kitu kikilia begani kama kitambaa kinachoraruliwa. Tangu siku hiyo alikuwa anafagia vumbi la mbao, akimwambia bosi wake kwamba karibu atapona.

"Kwa nini hukuniambia?" mamake akauliza.

"Ningekuambia, ungesema harambee igawanywe," akajibu. "Na hizo pesa haziwezi kugawanyika, Mama. Zinatosha bega moja."

Mzee Gitau akavua kofia.

Mwangi naye akapigwa skani, kisha tukaenda kwa Daktari Cheruiyot, mpasuaji wa mifupa. Huyo alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. Kulikuwa na wapasuaji wenzake ambao ukiwapelekea picha yenye tundu wanauliza tu mgonjwa anaingia lini. Cheruiyot alikuwa anabishana na picha. Akaziweka zile mbili pamoja kwenye kompyuta, akaniita kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mapokezi.

"Madam Nafula! Njoo! Njoo uone maajabu!"

Matundu yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa. Mtu asiyejua angesema ni bega moja limepigwa picha mara mbili. Lakini alipotuonyesha, tukaona. Kano la mama lilikuwa limechakaa pembeni, jembamba, la zamani. La mwana lilikuwa nene, limekatika wazi, na msuli wake bado una afya, ila ulikuwa umeanza kujivuta kurudi nyuma.

Cheruiyot akawageukia wale watatu, akaketi kwenye kona ya meza.

"Mama, nikishona hapa kwako nitakuwa nashona kitambaa kilichozeeka. Kinaweza kushika. Kinaweza pia kuchanika tena, na utakuwa umefungwa mkono na kuumia bure. Misuli mingine inayolizunguka bega bado ina nguvu. Madam huyu akiifundisha, inaweza kuifanya kazi ya ile iliyochoka. Watu wengi wa umri wako wana tundu kama hili na hawajui, wanalima tu. Anza na mazoezi. Yakikataa, mlango wangu uko wazi. Hutapoteza kitu kwa kungoja."

Akamgeukia Mwangi, na hapo sauti ikashuka.

"Wewe, kijana, ndiye utakayepoteza. Sasa hivi naweza kulivuta hilo kano nikalirudisha kwenye mfupa, na litashika. Ukikaa nalo, msuli utarudi nyuma, utakonda, utageuka mafuta. Mwakani utaniletea pesa mara mbili na nitakuambia siwezi."

Mzee Gitau akakohoa. "Daktari, unasema kijana achukue pesa za mgonjwa?"

"Hapana!" Mwangi akasema kabla mtu hajajibu. "Mimi nitazoea." Akatoka nje.

Nilimfuata mbio hadi kule akina mama wanakouza chai nje ya lango. Alikuwa amesimama anaangalia barabara.

"Madam, wewe hujui watu wa kwetu," akaniambia. "Walitoa wakisema ni mamake Mwangi. Kuna nyanya aliuza kuku. Nikirudi na bandeji mimi, mama bado anashika bega, watasema nini? Watasema nimemla mama yangu."

"Na usiporudi na bandeji?"

Alikuwa hajafika miaka arobaini na tano. Watoto wake wawili walikuwa shule, na shamba la mamake lilitegemea mkono wake kila alipopata siku ya mapumziko. Alijua hesabu hiyo kuliko mimi. Ni kwamba tu aibu ilikuwa nzito zaidi.

Vijana, hapa ndipo kazi yetu inapokuwa tamu na ngumu pamoja. Kupima bega nilikuwa nimemaliza. Ningeweza kuandika neno kwenye faili na kwenda kunywa chai. Lakini jibu zuri lisilofuatwa na mtu halijamponya yeyote. Kwa hivyo Jumapili, baada ya ibada, nikaenda kijijini kwao, Kabazi.

Nilikuta watu wamejaa uani kwa Mama Wangui. Mzee Gitau alikuwa ameita kikao cha kamati, pamoja na akina mama wa kanisa. Kulikuwa na chai ya maziwa, viazi vitamu, na migomba nyuma ya nyumba ikipiga kelele kwa upepo. Mama Wangui alinikaribisha kwa mkono wa kushoto. Mwangi alikaa mbali, karibu na zizi la ng'ombe.

Gitau alisimama. Nitasema ukweli, nilikuja nikidhani nitapigana na mzee mwenye majivuno. Nilikuta mtu mwenye wasiwasi wa haki.

"Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu," akasema. "Nilisema ni bega la mama. Kila mtu alitoa akimwangalia mama. Leo nikisema ni la kijana, nitakuwa nani? Madam, tueleze, na utueleze polepole."

Nikaeleza. Nikasema bei ya kupasua mabega haya mawili ni ile ile, lakini mnachonunua si kile kile. Kwa mama, kisu kinaweza kumwongezea kitu kidogo sana juu ya kile atakachopata kwa kamba na ukuta. Pengine kisimwongezee hata hicho. Kwa Mwangi, pesa zile zile zinanunua mkono wa kufanya kazi miaka yote iliyobaki, na duka hilo linafungwa karibuni.

Mama mmoja wa kanisa, mnene, mwenye miwani, akainua kidole. "Samahani, daktari. Kwa hivyo mnamwacha mama kwa sababu ni mzee?"

Lo! Nililipenda swali hilo. Nataka mlikumbuke, kwa sababu mtaulizwa, na mkijibu vibaya mtakuwa mmestahili kufukuzwa.

"Hapana," nikamwambia. "Angekuwa ameanguka juzi kutoka juu ya ghala, na kano lake likiwa zima kabla ya hapo, ningekuwa hapa namwombea yeye aingie kwanza. Na angekuwa tajiri mwenye pesa za kupasua mabega kumi, bado ningemwambia aanze na mazoezi. Simwachi mama. Namchukua mimi. Nitamsumbua mpaka anichukie."

Wakacheka. Lakini Mwangi akasimama kule zizini. "Nimesema sitaki. Mama aende. Mambo yangu mniachie."

Ndipo Mama Wangui akaweka kikombe chini.

"Mwangi, kuja hapa."

Akaja, mtu mzima, akasimama mbele yake kama amevunja dirisha.

"Mimi nikilala na bega bovu, nitalala. Nimezoea. Lakini nikilala nikijua lako limeoza kwa ajili yangu, sitalala tena. Unanipenda ama unataka watu waone unanipenda?"

Mwangi akainamisha kichwa.

"Sasa sikia," mamake akaendelea. "Nitafanya hayo mazoezi ya madam. Mahindi tunapanda wiki hii. Yakifika kutoa maua na bado siwezi kuanika nguo, nitaenda kupasuliwa, na wewe utanitafutia hizo pesa kwa huo mkono mpya. Umekubali?"

Akaanza kulia, yule mpasua mbao, machozi mazito bila sauti. Akaitikia kwa kichwa. Na Mzee Gitau, mwenyekiti, akavaa kofia yake na kusema, "Basi nitatangaza mimi mwenyewe kanisani. Atakayetaka mchango wake urudishwe, aje kwangu." Alitangaza Jumapili iliyofuata. Niliambiwa hakuna aliyekuja, na nyanya wa kuku aliongeza mayai.

Siku ya opareshoni nilikuwa na wagonjwa wangu, lakini kila nikipata nafasi nilipita ile korido. Mama Wangui alikaa kwenye benchi akijishika bega, midomo ikisali. Bima ya serikali ililipa sehemu, harambee ikalipa iliyobaki. Mlango ukafunguliwa, Cheruiyot akatoka na kofia ya kijani, akanyanyua ngumi zote mbili kama amefunga bao. "Limeshika! Kano lilikuwa zuri, Madam, zuri kama la ng'ombe!" Mama akamshika mkono, hakujua aseme asante kwa lugha gani, akasema kwa Kikuyu na Kiswahili na Kiingereza kidogo.

Kisha ikaanza kazi yetu, na hapa nataka macho yenu yote. Hawa wawili walikuwa wanafunzi wangu wa ajabu kwa sababu walihitaji mambo tofauti kabisa. Mama ilibidi nimsukume, na mwana ilibidi nimzuie.

Mama nilimfungia kamba juu ya boriti ya zizi. Boriti, si bomba! Nilikuwa nimejifunza. Mkono mzima unavuta, ule mgonjwa unapanda. Nikampa chupa ya maji ashike huku amelala, nikamfundisha kukaza misuli ya nyuma ya bega kabla ya kuinua kitu, na kupanda ukuta kwa vidole. Wiki za kwanza ziliuma. Alinipigia simu akaniambia, "Wewe ni mtu mbaya." Nikamjibu, "Najua, mama. Panda ukuta." Siku nyingine akasema ameacha kabisa, maana amefanya yote na bado usiku bega linamwamsha. Sikumbembeleza. Nilienda nikatazama anavyofanya, nikakuta anainua chupa huku amepandisha bega hadi sikioni, kama mtu anayebana simu. Tukarekebisha. Tukapunguza maji kwenye chupa. Ndiyo maana nawaambia msimpe mtu mazoezi halafu mkatoweka. Mazoezi yanayofanywa vibaya yanaitwa hayafanyi kazi, halafu mtu anakimbilia kisu bila kujaribu dawa.

Mwana naye, mkono ulifungwa kifuani kwa wiki nyingi, na mtu wa kufanya kazi akifungwa mkono anachanganyikiwa kwa kukaa bure. Siku moja ndama akakatiza uani akielekea kwenye mboga, na Mwangi, bila kufikiri, akamdaka kamba kwa mkono ulioshonwa. Ndama akavuta. Mwangi akasikia maumivu yakapanda hadi shingoni, akaketi chini hapo hapo kwenye matope. Walimleta kwangu uso umekuwa rangi ya jivu.

"Nimeliharibu bega, madam. Pesa za watu nimeziharibu."

Nikampeleka mbio kwenye skani. Mhudumu akapitisha kile kifaa begani, akarudia, akarudia. Halafu nikaona, kwenye ile picha ya kijivu, kano liko pale pale, limelala juu ya mfupa, uzi wa daktari bado umeshika. Nilipiga makofi! Nilipiga makofi mbele ya wagonjwa na wakubwa zangu. Mwangi alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na tangu siku hiyo ukimwambia usinyanyue, hanyanyui hata kijiko.

Sasa msiende mkisema Madam Nafula amesema wazee wasipasuliwe na vijana wapasuliwe. Nimeona mama wa umri mkubwa aliyefanya mazoezi kwa bidii, yakakataa, akashonwa, akapona vizuri. Nimeona kijana aliyeshonwa akarudi kubeba magunia mapema, kano likachanika tena. Bega haliangaliwi kwa cheti cha kuzaliwa. Uliza limekatika vipi, lini, msuli uko hali gani, na mkono unataka kufanya nini. Halafu mwambie mtu ukweli kuhusu kile pesa zake zitanunua. Wengi wanauza ng'ombe kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Mahindi ya Kabazi yalitoa maua Julai, baridi ikiwa imetulia bondeni. Nilikuwa najaza chai kwenye kikombe simu ikalia. Sikusikia salamu. Nilisikia kelele.

"Blanketi, Madam! Blanketi!"

"Mama, kuna nini?"

"Nimeanika blanketi! Lenye maji! Peke yangu! Liko kwenye kamba, naliona kutoka hapa!"

Chai ilimwagika mezani na sikuipangusa. Nyuma yake nilimsikia Mwangi akipiga mluzi.

Walirudi hospitali pamoja baadaye, mvua za mwaka zikiwa zinakwisha, kwa ukaguzi wa mwisho wa Mwangi. Cheruiyot aliwasimamisha koridoni, bega kwa bega, wagonjwa wengine wakitazama kutoka kwenye mabenchi.

"Haya. Mikono juu, wote wawili."

Ikapanda. Ikapita mabega. Ikapita masikio. Wa Mwangi ulienda moja kwa moja hadi juu, imara, ukakaa. Wa mama ulitetemeka njiani, ukatafuta, ukasimama kidogo chini ya ule wa mwanawe. Mama akamtazama mwanawe kwa jicho la pembeni.

"Wewe ulisaidiwa na uzi," akamwambia.

Korido nzima ikacheka. Mama bado anaumwa siku za baridi kali, na ndoo iliyojaa anaibeba kwa mkono ule mwingine. Lakini analala, na anaanika. Mwangi alikuwa tayari ameruhusiwa kurudi Elburgon, kwanza kwenye kupima mbao, kisha polepole kwenye magogo.

Wakati watu wanapeana mikono, nikahisi mtu ananigusa kiwiko. Alikuwa Mzee Gitau, aliyewasindikiza. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniinamia sikioni.

"Madam," akanong'ona, "langu hili la kulia, ni miaka sasa. Hata kofia siku hizi naivaa kwa kushoto. Sikutaka kusema wakati wa harambee. Unajua, mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti."

Nilimtazama yule mzee wa suti, nikasikia furaha inanipanda kutoka miguuni. Nikafungua mlango wa ofisi yangu.

"Ingia, mzee. Vua koti. Niambie mkono wako unataka kufanya nini."